Taa Imewaka, na Nailoni za Siti Bado Hazijatolewa

(Mazungumzo na wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Dodoma, Jumamosi asubuhi. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Mbukwenyi! (Ukumbi unaitikia.) Haya, walioitikia ni wenyeji, walionyamaza wamehamia na Serikali. Wote karibuni.

Mwenyekiti ameniomba nusu saa. Ameniambia mwaka huu wanachama kadhaa wamechukua mkopo wa gari, na si gari la mkononi, ni jipya, zero kilomita. Kila wiki kuna mtu anamfuata ofisini na picha ya dashibodi kwenye simu: "Mwenyekiti, hiki kidude cha njano ni nini?" Na Mwenyekiti ni mhasibu. (Kicheko.) Ndiyo maana mmeletewa mimi, mama wa gereji, fundi umeme wa magari wa miaka ishirini na kitu.

Nianze na ugonjwa wetu. Wengi humu tumejifunzia gari kwenye magari yaliyotumika Japani. Gari linafika na taa ya eabegi inawaka, redio inaongea Kijapani, muuzaji anakwambia "hiyo kawaida yake". Tukazoea. Wengine wakabandika selotepu nyeusi juu ya taa. Nimewahi kufungua dashibodi nikakuta taa ya cheki injini imepakwa rangi ya kucha kwa ndani, makoti mawili, kazi safi kabisa! Fundi aliyefanya vile alitumia muda mwingi kuficha tatizo kuliko ambao angeutumia kulitafuta. Sasa mtu huyohuyo leo ana gari jipya, kila asubuhi anakwenda nalo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, lakini kichwani bado ana akili ya mtumba. (Kicheko kirefu.)

Na kuna wa upande wa pili, anayesema "hili jipya, haliwezi kuwa na kitu". Linaweza. Limekaa melini wiki kadhaa, likakaa bandarini, likakaa yadi, betri inashuka kidogo kidogo. Magari mengi husafirishwa yakiwa yamechomolewa fyuzi au yamelazwa kwa kompyuta ili betri isife, halafu kuna kijana anatakiwa kuyaamsha na kuyakagua kabla hujakabidhiwa funguo. Kijana huyo naye ni binadamu, na Ijumaa jioni ana haraka kama wewe.

Kwa hiyo taa ikiwaka kwenye gari jipya, huyo ni shahidi wako. Kwenye gari la mkononi, hasara ni yako tangu siku ya kwanza. Kwenye gari lenye waranti, hasara ni ya aliyekuuzia, ilimradi shahidi awe hai. Nitalirudia hilo kwa kisa changu mwenyewe, maana nilimuua shahidi kwa mkono wangu.

Rangi mnazijua. Nyekundu, tafuta pa kusimama. Njano, endelea kwa adabu huku ukipanga safari ya gereji. Kijani na bluu ni taarifa tu, kama taa kubwa zimewashwa. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, zinawaka pamoja kisha zinazimika moja moja, nyingine, kama ya oili na ya betri, mpaka injini iwake. Hapo zinajipima. Iangalie ile isiyowaka kabisa, maana huenda mtu amekwishaishughulikia.

Nyekundu ya kuogopa kuliko zote ni ile ya oili, yenye umbo la birika linalodondosha tone. Watu wanadhani inapima wingi wa oili, kwamba ikiwaka oili imepungua, utaongeza ukifika. Hapana. Inapima msukumo. Ikiwaka injini inaunguruma, maana yake oili haifiki juu, vyuma vinasagana vikavu, na hesabu hapo ni ya sekunde. Nina mteja alikuwa anatoka shambani kwake upande wa Chemba. Gari lina miezi minne. Jiwe likagonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika barabarani, taa ikawaka. Akajiambia gari jipya hili, nitafika tu mjini. Alikwenda kama kilomita sita. Liliponifikia juu ya breki dauni nilichovya kile kijiti cha oili kikatoka kikavu, kina harufu ya kuungua. Limenoki. Na waranti haikumsaidia, kwa sababu jiwe si kosa la kiwanda, na kuendelea kuendesha si kosa la jiwe. Angezima palepale, angelipa sampu na oili.

Ya betri, kile kiboksi chenye alama ya kujumlisha na kutoa, haisemi betri imekufa. Inasema haichajiwi. Mara nyingi ni altaneta, ile jenereta ya gari, au mkanda wake, na kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya betri ikifuatwa na mshale wa joto, zima. Gari likichemsha, msifungue mfuniko wa rejeta. Hilo mnalijua, na bado kila mwaka naona mkono umefungwa bandeji.

Twende kwenye njano, huko ndiko kwenye mengi.

Julai hapa kwetu alfajiri nyuzi zinashuka hadi 13 au 14. Umechukua gari Dar, tairi zimejazwa mchana kwenye nyuzi 30. Hewa ndani ya tairi hupungua msukumo kadiri inavyopoa, karibu psi moja na nusu hadi mbili kwa kila nyuzi 10. Asubuhi yako ya kwanza hapa Kisasa, kile kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao kinawaka. Hakuna pancha. Pima tairi gari likiwa limelala, kabla hujaendesha, jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha iambie kompyuta ianze kuhesabu upya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Usimwachie fundi pancha achague namba. Wengine namba yao ni 40 kwa kila kinachozunguka.

Wenye dizeli. Kuna kichujio kwenye bomba la moshi kinachokusanya masizi, na ili kijichome kijisafishe kinahitaji joto la safari. Sasa mtu anaishi Mtumba na ofisi yake iko Mtumba. Anaendesha kilomita tatu, halafu anakaa kwenye maegesho injini inaunguruma, AC inapuliza, anachati. Taa ya kichujio itawaka, na gari halina kosa lolote. Mara nyingi dawa ni kushika barabara ya Morogoro na kutembea mwendo mmoja kama dakika ishirini bila kuzima, ila kwenye vijiji ni 50, tochi zipo. (Kicheko.) Ukiipuuza, taa ya pili itafuata, na hiyo haitibiki kwa matembezi.

Magari ya sasa yana rada na kamera mbele, za kukupigia kelele ukisogelea lori. Ukitoka Kondoa wakati wa mvua na tope limeganda kwenye grili, dashibodi inaandika kwamba mfumo haufanyi kazi. Kitambaa na maji. Kuna mzee alinipigia kutoka Bahi akiwa tayari ameshaagiza breki dauni.

Eabegi: chini ya siti za mbele kuna plagi, aghalabu ya njano. Ukisukumia kidumu au mwamvuli chini ya siti, plagi inalegea na taa inawaka. Toa kidumu, lakini plagi yenyewe usiichokoe, wala usimruhusu fundi aiguse kwa taa ya kupimia. Ule mfumo una baruti.

Haya, cheki injini. Ikiwaka imetulia, una muda. Ikipepesa, injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi, inawakia mle na kuharibu kile kisafisha moshi, ambacho ni ghali. Punguza mwendo, ukiweza simama.

Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo ya kuanzia modeli ya 1996, Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Hapo ndipo tunapochomeka mashine kusoma kodi, na sizungumzii kodi ya TRA. Kodi inakwambia dalili. P0300 inasema injini inamisi katika silinda hii na ile. Haisemi koili, kile kinachozipa plagi umeme wa cheche, imekufa. Wenzangu wengi wanasoma kodi, wanauza koili. Na pamoja na kodi, kompyuta hutunza picha ya dakika ile: mwendo ulikuwa ngapi, injini ilizunguka kiasi gani, joto lilikuwaje. Ukifuta kodi, picha nayo imekwenda.

Sasa kisa changu. Mwaka juzi mimi na mwenzangu tulichukua gari jipya Dar, na tukaja nalo nyumbani. Nailoni bado kwenye siti, mume wangu alikataa zitolewe. Tumefika Gairo, tumepanda tuta, dashibodi ikawaka yote mara moja: ABS ya breki, usukani, cheki injini. Sekunde mbili, usukani mzito, kisha ukarudi. Mimi ni fundi, mashine iko kwenye mkoba. Nikachomeka. Kodi saba, zote zinasema kompyuta hii haimsikii mwenzake, umeme mdogo. Nikazifuta! Mume wangu akanitazama kama anatazama daktari. Kibaigwa, tuta jingine, yaleyale. Nikafuta tena. Nilifuta mara tatu kabla ya kuona taa za Dodoma.

Wiki iliyofuata nikalirudisha kwa waliotuuzia. Wakachomeka mashine yao, ikawa nyeupe. "Dada, gari lako zima." Ningebishana na nini? Sikuwa na kodi, sikuwa na picha, sikuwa hata na video. Nikarudi na risiti ya mafuta tu.

Mwezi mmoja baadaye kijana wangu wa gereji analiosha. Kafungua boneti, kaegemea, mkono wake ukatua kwenye terminali ya betri, upande wa hasi. Akaizungusha kwa vidole viwili, kulia, kushoto, kama kizibo cha chupa ya maji. Akaniita: "Mama, hii nayo ni ya mfumo mpya?" Nati ilikuwa imewekwa, haikukazwa. Aliyeiamsha betri kabla ya kutukabidhi aliishia hapo. Spana namba kumi, robo mzunguko. Taa zile hazijarudi mpaka leo. Lingekuwa gari la mteja, tena kuukuu, terminali ndiyo ningeishika kwanza. Kwa hili nilikimbilia kompyuta kwa sababu lilikuwa linanukia upya.

Kwa hiyo taa ikiwaka, kabla hujamwita mtu, piga video ya dashibodi, kilomita zionekane. Andika ulikuwa wapi, mwendo gani, umetoka kupita tuta au dimbwi, mafuta ulijaza wapi, hasa kama yalitoka kwenye madumu. Peleka malalamiko kwa maandishi. Ukifika, hakikisha jobu kadi imeandika maneno yako, "taa tatu ziliwaka Gairo baada ya tuta", si "ukaguzi wa kawaida", na uondoke na nakala. Kosa la kuja na kuondoka linathibitishwa kwa makaratasi yaliyorundikana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina masharti kuhusu ubora wa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, na kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003, inayoshughulika pia na kumlinda mlaji. Lakini huko nako watakuuliza karatasi.

Na tafadhali, gari likiwa na waranti msiungeunge waya. Alamu ya elfu themanini, taa za bluu chini ya milango, redio kubwa. Waya mmoja ukikatwa na kufungwa selotepu, siku taa ikiwaka muuzaji anachungulia chini ya usukani, anaona selotepu, anatabasamu.

Maswali? Ndiyo, mama pale nyuma.

(Swali: Taa yenye picha ya spana imewaka, gari lina miezi sita. Ni kosa?)

Mara nyingi hiyo ni kengele ya sevisi, inahesabu kilomita au siku. Thibitisha kwenye kitabu, maana kuna magari yanayoitumia spana kwa mengine. Ukishafanya sevisi inarudishwa sifuri. Ila sevisi yenyewe usiicheleweshe, wanaitumia kukukatalia waranti.

(Swali: Taa ya breki, alama ya mshangao kwenye duara, inawaka na kuzima nikikata kona.)

Hilo gari liko wapi, mzee wangu? Hapo nje? Umekuja nalo? (Kicheko.) Hendibreki umeishusha yote? Basi huenda mafuta ya breki yamepungua, ukikata kona yanaegemea upande mmoja, boya la kupimia linashuka. Na mafuta ya breki kwenye gari jipya hayapungui hivihivi, yanavuja mahali. Mwenyekiti, samahani, naomba tuishie hapa. Mzee, nipe funguo, na mtu anitafutie tochi, ile ya simu inatosha. Hili haliondoki hapa mpaka nimeona chini.