Kabla Hujailaumu AVR: Kupima Boksi la Umeme la Jenereta

Mazungumzo na mafundi vijana, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari za asubuhi kwa wote. Nimeombwa nizungumzie boksi la kutolea umeme kwenye jenereta, lile lenye breka, mita na teminali, na mara nyingi AVR, kile kifaa kinachodhibiti volti za jenereta, imo humo humo. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kidogo cha barafu karibu na mwalo wa samaki, hapa hapa Tanga. Jenereta ya fezi tatu, volti zinaruka, taa zinaungua. Sikupima kitu. Nikasema AVR imekufa. Mzee mwenye mali akanunua nyingine, nikafunga, ikatulia. Sisi watu wa hapa tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Ugonjwa ule uliondoka kweli, ila baada ya wiki ukarudi. Akanunua ya pili. Ya tatu akagoma, na alikuwa na haki ya kugoma.

Ndipo nikafuata waya mmoja mmoja. Ule mwembamba unaoipelekea AVR habari za volti ulikuwa umefungwa kwenye teminali iliyoota kutu ya kijani. AVR ilikuwa inasoma volti pungufu, kwa hiyo inaongeza nguvu kwenye sumaku, na huko nje volti zinapaa. AVR mpya haikutibu kitu. Kilichotuliza ni mikono yangu kuufungua ule waya na kuurudisha. Nilikuwa nakwangua kutu bila kujua, halafu namtoza mzee wa watu hela.

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula shaba. Ndiyo maana kwetu huku naanza na maungio kabla ya kifaa chochote.

Jenereta izimwe. Kisha toa waya wa hasi wa betri, kwa sababu mashine zinazojiwasha zenyewe umeme unapokatika hazijui kwamba mkono wako umo ndani. Kama kuna chenji ova, ile swichi ya kubadili kati ya jenereta na TANESCO, hakikisha umeme wa TANESCO haurudi kwa upande wa pili. Jaribu mita yako mahali penye umeme, pima kwenye boksi kwamba hapana, halafu rudi uijaribu tena pale penye umeme. Mita iliyokufa nayo inaonyesha sifuri.

Sasa tumia macho na pua. Harufu ya vanishi iliyoungua, plastiki iliyobadilika rangi, waya mgumu kama kijiti karibu na skrubu, mjusi aliyekauka kati ya teminali mbili. Vuta kila waya kidogo. Utashangaa ni wangapi watakufuata.

Kwenye breka nataka tukae zaidi, maana hapo wengi tunadanganyika. Unaiwasha breka yenyewe, jenereta ikiwa bado imezimwa, unapima omu, yaani ukinzani, kila fezi, mita inasoma karibu sifuri, unasema nzima. Tuseme sehemu ya kugusana ndani imeungua na ina 0.02 omu. Mita ya kawaida haiwezi kuiona, kwani nyaya zake zenyewe zinazidi hapo. Lakini pitisha ampia 50: unapoteza volti 1, na hapo ndani kunawaka wati 50, sawa na pasi ya kulehemu iliyosahauliwa ndani ya boksi. Breka itajikata, mteja atasema mzigo umezidi. Kwa hiyo baada ya kipimo cha omu, washa jenereta, weka mzigo, weka mita kwenye volti, gusa kwa uangalifu juu na chini ya fezi ile ile. Linganisha fezi zote tatu zikiwa na mzigo unaokaribiana. Inayopoteza volti nyingi kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Hiki ni kipimo cha umeme ukiwa hai, kwa hiyo asiye na uzoefu asimame na fundi wake.

Megga, ile mita ya kupima kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi: tumia ya volti 500, baina ya nyaya za koili na bodi. Chini ya megaomu 1, usiwashe, kausha kwanza. Ila kabla ya kuizungusha megga, chomoa AVR na dayodi. Volti 500 zitaziua, na utakuwa umeleta ugonjwa ambao haukuwepo.

Zile koili za pete zinazopelekea mita ya ampia, usifungue waya zake jenereta ikiwa na mzigo. Volti zinazozuka hapo zinaua. Sirudii.

Mwisho washa bila mzigo. Tunatafuta volti 230 kati ya fezi na nyutro, 400 kati ya fezi na fezi, na hezi 50, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, au kuzidi kidogo. Hezi zikiwa chini, msiiguse AVR. Hiyo ni kasi ya injini, mwiteni fundi wa dizeli. Mashine yenye ncha nne za sumaku inatakiwa izunguke mara 1500 kwa dakika.

Haya, sogeeni hapa mezani. Jenereta hii imetoka Pangani jana, mwenyewe anasema AVR imekufa. Atakayeshika bisibisi kwanza, kabla hajaigusa, anionyeshe betri iko wapi.