Kusi Hupita na Maji Yetu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Naingia moja kwa moja kwenye swali langu. Tunaishi kando ya bahari ya joto, karibu kabisa na ikweta. Wenzetu wa Kongo na Indonesia, walio kwenye mstari huohuo, wana misitu ya mvua. Mbona sisi tuna Dodoma, Garissa na Turkana?

Itazameni kwanza chupa hii hapa mezani. Imetoka kwenye friji sasa hivi na tayari inatiririka jasho. Haivuji. Maji hayo yalikuwa humu ukumbini, kwenye hewa tunayovuta, yakiwa mvuke usioonekana. Hewa yenye joto la nyuzi 30 ikijaa kabisa hubeba takriban gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ishushe hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Zinazobaki lazima zitoke.

Angani hewa hupozwa na safari ya kwenda juu. Huko mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo hewa hutanuka na kupoa, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita kabla wingu halijaanza kujengeka. Basi mvua inadai mambo mawili: unyevu, na kitu cha kuupandisha huo unyevu. Sisi wengi huangalia la kwanza tu. Upepo ukitoka baharini, tunasema mvua inakuja.

Haya, mwangalieni kusi. Julai na Agosti anakuja amevuka maelfu ya kilomita za Bahari ya Hindi, amejaa mvuke. Pwani anatuachia manyunyu, lakini sehemu kubwa ya bara ni vumbi tupu. Kwa nini? Kwa sababu hapandi. Akifika kwetu anazuiwa na nyanda za juu, anapinda kuelekea kaskazini, anaambaa na pwani huku akizidisha kasi hadi Somalia, kisha anakata bahari kwenda India. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater, aliyefanya kazi hapahapa Afrika Mashariki, aliueleza mkondo huo katika miaka ya 1960; kasi yake kubwa iko kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi. Mvuke uliopita juu ya vichwa vyetu ni sehemu ya mvua inayowanyeshea watu wa Kerala na Mumbai. Mimi jambo hili bado linanishangaza kila mwaka.

Kaskazi naye hutoka upande wa Arabuni, kwenye nchi kavu, kwa hiyo hana mengi ya kutupa.

Mvua zetu kubwa huja pepo hizi zinapopokezana, wakati ambao mabaharia wa pwani huuita tanga mbili. Hewa ya kusini na ya kaskazini hukutana juu yetu, na zikisukumana hazina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo tunapopata masika na vuli.

Kwingine kazi ya kupandisha hufanywa na mlima. Ukipanda basi la Tanga kwenda Moshi, tazama kulia. Safu ya Usambara inaikabili bahari, na Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Wewe uko nyuma ya milima, hewa inakushukia ikiwa imeshamwaga maji yake, na kadiri inavyoshuka inapata joto na mawingu yanayeyuka. Utaona msitu na mawingu kule juu, na huku chini mkonge, kisha miiba mitupu kuelekea Same.

Vuli ina mkono mwingine tena, nao uko mbali. Mwaka 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Sumatra, kule Indonesia, ikapoa. Hewa ikawa inapanda kwetu na kushuka kwao. Sisi tulipata mafuriko, na maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi mwezi Novemba yaliua watu wengi. Australia, kwa kukosa mvua, iliungua. Ndiyo maana watabiri wa kanda yetu wanaokutanishwa na ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda, hutoa utabiri wa vuli mwezi Agosti, kabla wingu lolote la mvua hiyo halijaonekana: wanapima joto la bahari pande zote mbili.