Jinsi ya kuchora yai linavyozuia mbegu ya pili

Habari zenu watazamaji, karibuni. Nipo Majengo, Moshi, na leo tunachora yai la binadamu: mbegu ya kiume ya kwanza imeshaingia, je, ya pili inazuiwaje? Nawalenga wa kidato cha tatu na cha nne. Wa PCB na CBG, yaani wa kidato cha tano na sita mnaosoma biolojia, msiondoke, mwishoni kuna chenu.

Andaa karatasi mbili za manila, gundi, rula, uzi, penseli na kifutio, kalamu ya kawaida ya wino, na maka peni nyeusi, nyekundu na kijani. Stesheneri yoyote vipo, na huko Kibosho au Marangu mwulize Mangi, mwenye duka wa jirani, kabla hujapanda gari kuja mjini. Bandika manila mbili ubavu kwa ubavu.

Funga uzi kwenye penseli, pima sentimita 20, shikilia ncha katikati ya karatasi, zungusha. Umepata duara lenye upana wa sentimita 40. Yai halisi lina upana wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo tumelikuza mara 4,000, na kila kitakachofuata kitakuzwa hivyo hivyo. Hapa sikubali njia ya mkato. Michoro mingi huikuza mbegu kupita kiasi, matokeo yake mwanafunzi haelewi tena nini ni kikubwa na nini ni kidogo.

Duara hilo ni utando wa yai. Pitisha maka peni nyeusi. Acha nafasi ya sentimita 1 kwa nje, kisha zungushia ukanda mnene wa sentimita 6. Huo ukanda ndio zona pelusida, tabaka la protini zenye sukari. Kwa binadamu limejengwa na protini nne: ZP1, ZP2, ZP3 na ZP4. Ziandike kwa penseli kuzunguka ukanda wote, na ZP2 iandike mara nyingi kuliko wenzake, maana kazi kubwa iko kwake.

Sasa weka maka peni chini, chukua kalamu ya wino. Ndani ya duara, ukiufuata utando kwa karibu, weka nukta za milimita 1 hadi 2. Nyingi! Mkono utachoka, vumilia. Yai halisi lina maelfu. Hizi ni chembe za pembezoni, vifuko vidogo vilivyobeba vimeng'enya, kimojawapo kikiitwa ovastasini.

Tuje kwenye mbegu. Kichwa sentimita 2, mkia sentimita 20. Chora moja ikiwa imevuka zona na kugusa utando, kichwa kikiwa kimelala kwa ubavu. Wengi hukichora kimechoma kwa ncha kama msumari, lakini mbegu huungana na utando kwa ubavu wa kichwa. Nyingine mbili au tatu zinate juu ya zona, basi, zinatosha.

Najua kuna anayeuliza, mbona chache hivyo wakati mwanamume hutoa mamilioni kwa mamilioni? Ni kweli, lakini mlango wa kizazi, kizazi chenyewe na mrija wa falopio huzichuja njiani, na zinazofika karibu na yai ni mamia tu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kizuizi cha kwanza, na sisi walimu tunakiruka mno. Angalia nguruwe: mayai yake yakirutubishwa kwenye chombo cha maabara, ambako mbegu nyingi zinalifikia yai kwa pamoja, mara nyingi huingiwa na zaidi ya moja.

Turudi mezani. Kwenye kichwa cha mbegu iliyogusa utando andika I, ni protini ya Izumo, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2005. Kwenye utando wa yai, kwa penseli, andika J nyingi. Hiyo ni Juno, mwenzake Izumo, iliyotambuliwa Uingereza mwaka 2014. I ikishikana na J, mbegu na yai huungana, na mbegu huingiza kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi C zeta. Matokeo yake kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya yai inaachiliwa. Chukua kijani, chora mawimbi yakianzia pale mbegu ilipoingilia hadi upande wa pili. Wimbi si moja. Hujirudia kwa saa kadhaa.

Kalsiamu ikipanda, zile nukta zinamwaga vilivyomo kwa nje. Chora mishale kutoka kwenye nukta kwenda ile nafasi ya sentimita 1, hadi kwenye zona. Ovastasini inaikata ZP2. Kwa hiyo shika nyekundu, pitia kila ZP2, ikate kwa mstari. Mbegu zilizo nje hazina tena pa kushika. Zinki nayo hutoka pamoja na chembe hizo na kuifanya zona iwe ngumu zaidi.

Sasa kifutio. Futa J, moja baada ya nyingine. Katika mayai ya panya, dakika 30 hadi 40 baada ya mbegu kuingia, Juno karibu yote imeshauacha utando.

Tafadhali usichore alama ya umeme kwenye utando. Kizuizi cha umeme cha sekunde chache ni cha yule kiumbe wa baharini mwenye miiba mwili mzima, kwa Kiingereza sea urchin. Yai la mamalia huchukua dakika kadhaa, na linamudu kwa sababu wageni ni wachache.

Na mbegu mbili zikipenya? Kromosomu 23 za yai na 23 mara mbili za mbegu, jumla 69. Nyingi ya mimba hizo huharibika mapema, na baadhi huwa mimba zabibu, yaani kondo hukua vibaya na kujaa vifuko vya maji kama zabibu. Hazileti mapacha, jamani! Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, kila moja na mbegu yake.

Wa PCB na CBG, chenu hiki: choreni yai la sungura pembeni. Zona yake msiikate kwa nyekundu. Chora mbegu kadhaa zimeivuka na kukwama kwenye ile nafasi, kwa sababu kwa sungura kazi kubwa ya kuzuia hufanywa na utando wenyewe.