Kiti ukutani, simu mezani: mazoezi ya wenye maradhi sugu ya mapafu wakiwa nyumbani

MWANAHAWA: Kaka Idrisa, kabla hatujawasha maikrofoni ulikuwa unanisimulia habari za mama. Naomba uirudie, wasikilizaji nao waisikie.

IDRISA: Mama yangu yuko Muheza. Aliugua TB, akameza dawa miezi 6 bila kukosa hata siku moja, vipimo vikaonyesha amepona. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka jikoni hadi kisimani alikuwa akisimama mara tatu, mkono kiunoni. Tulimrudisha hospitali, tukaambiwa TB imekwisha, akapumzike nyumbani. Basi akapumzika. Na kadiri alivyopumzika ndivyo alivyozidi kuchoka. Inaniuma, dada, maana sisi watoto ndio tuliokuwa tukimwambia, "Mama kaa, usijisumbue."

MWANAHAWA: Mlimwambia kwa mapenzi. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimelikuta neno hilo nyumba nyingi. Kovu la TB kwenye pafu haliondoki, na moshi wa kuni wa miaka mingi nao umeshaacha alama yake. Ila sikiliza: mtu akihema anaogopa kutembea. Asipotembea, mapaja yanalegea. Na paja lililolegea linadai hewa nyingi kwa kazi ndogo ileile, kwa hiyo anahema zaidi. Pafu lile hatuwezi kulirudisha upya. Paja tunaweza kulijenga.

IDRISA: Huo ndio utengamao wa mapafu?

MWANAHAWA: Ndiyo kiini chake. Kwa kawaida ni programu ya wiki 6 hadi 12, angalau mara 2 kwa wiki: mazoezi, namna ya kupumua, matumizi sahihi ya dawa za kuvuta, na kuzungumza juu ya ile hofu ya kukosa hewa. Jirani zetu wa Kampala, pale hospitali ya Mulago, waliufanya kwa watu waliopona TB lakini mapafu yakabaki na madhara. Wiki 6 tu, na wagonjwa wakaweza kutembea umbali mrefu zaidi.

IDRISA: Sasa mama wa Muheza aende Tanga mjini mara 2 kwa wiki? Nauli, vumbi la stendi, kugombania siti. Mtu asiye na pumzi!

MWANAHAWA: Wengi huacha kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana nafurahi kwamba ushahidi wa kufanya haya kwa mbali sasa upo. Mwaka 2021 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 15 zenye washiriki 1,904, karibu wote wagonjwa wa COPD, ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Waliofanya kwa simu au intaneti walipata nafuu inayokaribiana na ya waliokwenda kituo cha tiba. Na waliomaliza programu walikuwa asilimia 93, dhidi ya 70 kwa wale wa kituoni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani, ATS, kikashauri mgonjwa apewe nafasi ya kuchagua, kituoni au kwa mbali.

IDRISA: Lakini huko wana intaneti ya uhakika. Bando la mama linaisha katikati ya salamu.

MWANAHAWA: Basi nikupe utafiti ninaoupenda kuliko yote. Melbourne, Australia, matokeo yalitoka 2017, watu 166. Kundi la nyumbani lilitembelewa mara 1, kisha likapigiwa simu mara 1 kwa wiki kwa wiki 7. Simu ya sauti tu, bila video. Mwisho wa programu hawakuwa nyuma ya waliokwenda hospitali. Mimi nauelewa hivi: kinachomfaa mgonjwa ni mtu anayempigia na kumuuliza, "Jana ulitembea dakika ngapi?" Kioo cha simu kinakuja baadaye.

IDRISA: Haya, mama yuko sebuleni. Anaanzaje?

MWANAHAWA: Haanzi peke yake. Kwanza apimwe na mtaalamu, maana moyo nao huleta kuhema. Akisharuhusiwa, kiti kigumu kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani. Akae, ainuke bila kusukumia mikono, akae tena, ahesabu kwa dakika 1. Hicho ni kipimo na ni zoezi pia. Kwa mikono, anyanyue chupa za maji za nusu lita. Halafu kutembea uani. Kuhema kwake tunakupima kwa 0 hadi 10, 0 ni kutohema kabisa na 10 ni kuhema kupita kiasi; tunataka 3 au 4: anatweta kidogo, lakini akiulizwa anajibu kwa maneno machache. Asipohema kabisa, zoezi halijamfikia.

IDRISA: Na pumzi ikimbana?

MWANAHAWA: Akae, ainamie mbele, viwiko magotini. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole midomo ikiwa imebanwa, kama anayepoza uji. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na kuwe na mtu nyumbani. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, aache na apige simu.

IDRISA: Nilimnunulia kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni.

MWANAHAWA: Kinasaidia, lakini hapa naomba tuwe makini. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi vipimo hivi vilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu. Yaani kinaweza kusoma juu kuliko hali yenyewe. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala piko. Na kikisoma vizuri huku mama anaishiwa pumzi, mwamini mama.

IDRISA: Sasa niwaambie wasikilizaji yalipofikia, maana mama ameshaanza mazoezi haya. Wiki ya kwanza mama aliinuka kitini mara 7 kwa dakika. Wiki ya 8, mara 13. Ijumaa iliyopita nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hakuna. Moyo ulinienda mbio. Baada ya robo saa akanipigia mwenyewe. Alikuwa ameiacha simu mezani, ameenda kisimani.

MWANAHAWA: Alisimama njiani?

IDRISA: Mara moja.