Ohio ya Mwaka 2004: Swali kwa Wapiga Kura Wapya

Ndugu zangu, karibuni na poleni kwa baridi. Wengi mliomo humu mmetoka Bukavu, Kigoma na Mombasa, na baadhi mmeapa juzi tu kuwa raia wa Marekani. Sikuja kuwaambia mpigie nani kura. Leo tuchambue swali moja: rais wa nchi hii achaguliwe kwa wingi wa kura za wananchi, au kwa kura za wajumbe, yaani watu wanaompigia rais kura kwa niaba ya kila jimbo, kama ilivyo sasa?

Aliyeumia mwaka 2016 atasema mfumo ni mbovu, maana Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na bado akashindwa. Aliyefurahi mwaka ule atautetea. Wote wawili wameanza na matokeo, hoja wakaitafuta baadaye.

Hoja inayosikika sana ni kwamba wajumbe wanayalinda majimbo madogo. Tuipige hesabu. Wajumbe ni 538, na mshindi anahitaji 270. Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe 3. California, yenye watu kama milioni 39, ina 54. Ukigawanya, mjumbe wa California anabeba watu zaidi ya mara tatu ya wale wa mjumbe wa Wyoming. Kwa hiyo mtu wa Wyoming ana uzito, kweli. Lakini mwaka 2024 wagombea walipiga kambi wapi? Pennsylvania, jimbo kubwa lenye wajumbe 19! Karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Ni Maine na Nebraska tu zinazoweza kuwagawa. Basi jimbo ambalo mshindi wake anajulikana mapema, liwe dogo au kubwa, nani atapoteza mafuta ya ndege kulitembelea?

Halafu kuna historia, na hii inaniuma kila ninapoisoma. Mwaka 1787, pale Philadelphia, katiba ya nchi hii ilipokuwa ikiandikwa, James Madison, mmoja wa waandishi wake, alieleza kwamba kura ya moja kwa moja ingeyanyima nguvu majimbo ya kusini, kwa kuwa watumwa wao hawapigi kura. Kwa njia ya wajumbe, katika kupanga idadi ya wajumbe wa kila jimbo, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, na nguvu ile ikawaendea mabwana zao. Hata hivyo, chimbuko baya peke yake halitoshi kuifuta kanuni leo. Anayetaka ifutwe aonyeshe madhara yake ya sasa.

Na anayepinga anayo hoja nzito, msimdharau. Mwaka 2000, Florida iliamuliwa kwa kura 537. Mvutano wa kuhesabu upya ulichukua wiki tano, katika jimbo moja tu. Fikirieni mvutano huo nchi nzima.

Wakenya mliopo mnajua kwamba hofu ya eneo moja kuwaburuza wengine inaweza kujibiwa vingine. Katiba yenu ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hakuna mjumbe hapo katikati.

Mimi nataka kura za wananchi zihesabiwe moja kwa moja. Baraza la Wawakilishi liliwahi kupitisha marekebisho ya katiba ya kuruhusu hilo mwaka 1969, kwa kura 338 dhidi ya 70, yakakwama Seneti mwaka uliofuata. Lakini msimamo wangu niliupima kwanza kwa mwaka 2004. George W. Bush alimshinda John Kerry kwa kura milioni 3 nchi nzima. Ohio, tofauti yao haikufika 120,000. Watu kama 60,000 tu wa Ohio wangebadili kura zao, Kerry angekuwa rais akiwa na kura chache kuliko mpinzani wake. Mimi nilikuwa upande wa Kerry. Je, ningesimama kulalamika kwamba mtu wangu ameingia kwa mlango usiofaa? Ilinichukua muda mrefu kujibu ndiyo.

Kipaza sauti anacho dada pale nyuma. Naomba tuanze na asiyekubaliana nami.