Namba za Kwenye Boksi na Simu Iliyo Mkononi

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Leo tupo na simu mpya, hasa hizi za bei ya kati zilizojaa kwenye makabati ya vioo pale Aggrey, Kariakoo. Wenye nazo wanasifia nini wakishazitumia mwezi mzima, na wanalalamikia nini? Nipo na Baraka.

BARAKA: Asante dada Zuhura. Mimi naona malalamiko mengi yana mzizi mmoja. Mtu amenunua namba iliyoandikwa kwenye boksi, halafu nyumbani amekutana na simu. Na karibu kila namba ile unaweza kuipima palepale kaunta, kabla hujatoa hela.

ZUHURA: Tutafika huko. Kwanza tuzitendee haki, sifa zipo. Betri ya mAh 5,000 imekuwa kitu cha kawaida, na kwa mtu wa WhatsApp, kupiga simu na video mbili tatu, siku inaisha chaji ingalipo. Laini mbili, hilo ndilo kabisa watu wa hapa hawaliachi. M-Pesa kwenye laini moja, bando la bei nafuu kwenye nyingine.

BARAKA: Na kioo. AMOLED ya hezi 120, maana yake picha inachorwa upya mara 120 kwa sekunde, ukiperuzi inateleza tu. Ila mtu anasifia kioo akiwa dukani chini ya taa. Toka nje, simama juani, weka mwanga mwisho, fungua ujumbe wa M-Pesa usome salio. Kioo cha niti 400 au 500, niti ni kipimo cha ung'avu, kitakushinda saa saba mchana. Cha niti 1,000 na zaidi utasoma bila kukikinga na kiganja.

ZUHURA: Haya, tuje kwenye chaji, maana hapo ndipo kelele zilipo. "Boksi limeandika wati 45, mbona inachukua saa mbili?"

BARAKA: Hapo kuna mambo matatu yamechanganyika. La kwanza, wati 45 ni kilele. Simu inazivuta mwanzoni, betri ikiwa chini. Betri ikikaribia kujaa, simu inashikilia volti palepale na kupunguza mkondo kidogo kidogo, la sivyo betri inaumia. Ndiyo maana kutoka asilimia 80 hadi 100 inajivuta. Siyo ubovu.

ZUHURA: La pili ni kichwa cha chaja. Simu nyingi siku hizi zinakuja na waya peke yake, mtu anachomeka kwenye kichwa cha zamani cha volti 5 na ampea 2. Zidisha mwenyewe, wati 10.

BARAKA: Na hata kichwa kikiwa kikubwa, lazima simu na chaja zielewane lugha. Kampuni kadhaa zina mfumo wao wa chaji ya haraka. Ukichomeka chaja ya kampuni nyingine yenye wati 65, simu inaweza kushuka hadi wati 18 au 10, kwa usalama. Soma maandishi madogo kwenye kichwa, palipoandikwa "Output". 9V 2A ni wati 18. Kisha uliza simu yako inakubali USB PD, ule mfumo wa chaji ya haraka unaotumiwa na kampuni nyingi, au inataka mfumo wake yenyewe.

ZUHURA: Waya usisahau. Huu ndio unaodanganya watu kuliko kitu chochote. Waya mwembamba wa barabarani unapitisha umeme, lakini mara nyingi hauna nyuzi za kuzungumza na simu, kwa hiyo chaji ya haraka haiwaki. Na wa USB-C pande zote mbili, ule wa kawaida unabeba ampea 3. Ukitaka zaidi ya wati 60 unahitaji waya wa ampea 5, wenye kichipu ndani.

BARAKA: Jaribio lake ni jepesi. Chomeka simu ikiwa chini ya asilimia 50, haijapata moto. Kama kioo hakisemi inachaji kwa haraka, badilisha waya kwanza, halafu kichwa. Usianze na fundi.

ZUHURA: Umetaja moto. Dar ya Januari na Februari, nyuzi joto 32, unyevu juu, kava nene la mpira, na mtu anachaji huku anatazama mpira kwa bando. Simu inachemka, inajipunguzia chaji yenyewe, inapunguza na mwanga wa kioo. Mwenye nayo anasema ameuziwa feki.

BARAKA: Kumbe simu inajilinda. Vua kava wakati wa kuchaji, usiiweke kwenye godoro wala chini ya mto, iweke mezani au kwenye sakafu ya vigae. Na kama simu ina kikomo cha asilimia 80 kwenye mipangilio ya betri, washa kwa wale wanaolala na chaji. Betri haipendi vitu viwili vikutane, kujaa na joto.

ZUHURA: Na wiki ya kwanza usiihukumu. Simu mpya inapanga picha, inasasisha programu, inavuta nakala zako za zamani. Chaji itaisha haraka siku mbili tatu, kisha itatulia.

BARAKA: Isipotulia, tazama mtandao. Mahali ambapo 5G ni hafifu, simu inahangaika kati ya 5G na 4G mchana kutwa, na laini zikiwa mbili mahangaiko ni mara mbili. Ingia Mipangilio, mtandao wa simu, aina ya mtandao, chagua 4G. Pawabenki nayo, watu wanailaumu bure. Ya mAh 10,000 haitajaza simu ya 5,000 mara mbili. Namba ile ni ya volti 3.7 za ndani. Ikipandishwa kuwa volti 5 na nyingine ikapotea kama joto, unapata mara moja na nusu hivi.

ZUHURA: Sasa nafasi. "Nimenunua GB 128, mbona inaniambia imejaa na sijaweka kitu?"

BARAKA: GB 128 za boksi zinahesabiwa kwa elfu elfu. Simu nyingine inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo inaona kama 119. Toa mfumo wenyewe na programu zilizokuja nazo, GB 20 hivi zinaweza kuondoka. Bado hujapiga picha hata moja.

ZUHURA: Halafu magrupu. Kamati ya harusi, kikoba, shule ya watoto, ukoo. Kila bango la kitchen party na kila video ya sendofu inajishusha yenyewe, inakula nafasi na bando kwa pamoja. Fungua WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data. Sehemu ya kupakua yenyewe, ondoa alama zote kwenye data ya simu. Rudi sehemu ya kudhibiti hifadhi, utaona grupu lipi limekula ngapi, futa mafaili makubwa kwanza. Kwenye Android, jua pia kwamba tangu 2024 nakala ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google. Zikijaa, nakala inasimama, na siku simu ikipotea ndiyo unagundua.

BARAKA: Naomba nisisitize hapo hapo, usiiache simu ijae kabisa. Bakiza angalau sehemu ya kumi. Hifadhi ya ndani inahitaji vyumba vitupu vya kuhamishia vitu inapoandika. Ikikosa, simu inaganda, na mtu anadhani ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya programu zinazotumika.

ZUHURA: Ee, RAM! Boksi limeandika "GB 16", kwa maandishi madogo "8 + 8".

BARAKA: Hili linaniudhi kwa kweli. Nane ya pili siyo RAM, ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kusaidia RAM, na ni cha polepole sana ukilinganisha. Kinasaidia kidogo programu zisifungwe nyuma. Hakigeuzi simu ya GB 8 kuwa ya 16, na ile ya "4 + 4" ni ya GB 4. Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, soma namba ya kwanza peke yake. Uliza pia aina ya hifadhi. eMMC 5.1 mwisho wake ni MB 400 kwa sekunde, UFS 2.2 inafika kama mara tatu ya hapo. Simu mbili zenye bei karibu sawa, hii inafungua kamera papo hapo, ile inakufanya usubiri. Tofauti yenyewe ni hiyo, na boksi mara nyingi haliiandiki.

ZUHURA: Kamera tusikae sana. Megapikseli 50 kwa kawaida zinaunganishwa nne nne, unapata picha ya 12.5. Siyo wizi, mwanga unakusanywa vizuri zaidi. Jicho la tatu la megapikseli 2 nyuma lichukulie kama pambo. Malalamiko yenye haki ni kamera ya mbele kuwapausha watu weusi.

BARAKA: Mara nyingi ni kichujio cha urembo, kimewashwa tangu kiwandani. Fungua kamera ya mbele, tafuta alama ya uso au urembo, shusha kila kitu hadi sifuri, kisha piga tena. Tecno ilijijengea jina Afrika kwa kuipanga kamera kwa ngozi nyeusi, na Google ikaja na Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021. Kwa hiyo linawezekana. Jaribu dukani: mtu mwenye ngozi nyeusi asimame na dirisha nyuma yake. Uso ukiwa kivuli kitupu, au ukiwa umepakwa chokaa, umeshajua.

ZUHURA: Kwa madereva wa bodaboda kuna jambo zito zaidi, na wengi hawajaambiwa. Simu imefungwa kwenye usukani kutwa, inaonyesha ramani ya abiria. Baada ya miezi kadhaa kamera inatetemeka yenyewe.

BARAKA: Lenzi yenye kituliza mtikisiko inaning'inia kwenye springi ndogo, inasogezwa na sumaku. Injini inaitikisa mfululizo, kile kifaa kinachoka. Apple ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2021 kuhusu pikipiki, ikashauri kishikio chenye kinga ya mtikisiko hata kwa zile ndogo. Dalili ni picha kucheza kabla hujabonyeza, sauti ya kuvuma ndani, au kushindwa kulenga karibu. Weka kishikio chenye mipira ya kumeza mtikisiko. Au tumia simu ya zamani kwa ramani, hii mpya ikae mfukoni. Jua la usukanini nalo linapika betri.

ZUHURA: Maji je? Mtu kasoma IP68, alama ya kinga ya vumbi na maji, kaingia nayo Coco Beach.

BARAKA: Kipimo kile ni cha maji yasiyo na chumvi, yametulia, maabara. Chumvi ya bahari inakula tundu la chaji. Ikitumbukia, na ni simu ya IP67 au 68, isuuze kwa maji safi, itikise tundu likiangalia chini, iache penye upepo. Usichaji hadi ikauke. Mchele usiweke, vumbi lake linaingia ndani. IP54 ni ya manyunyu tu, hiyo hata kwenye ndoo isiingie.

ZUHURA: Alama ya kidole chini ya kioo, jasho la hapa linaishinda. Sajili kidole kilekile mara mbili, na ukibandika protekta, futa alama za zamani usajili upya. Ya kitufe cha pembeni ina usumbufu mdogo zaidi.

BARAKA: Kisha wale wa iPhone za kutoka Marekani. Kuanzia iPhone 14, mwaka 2022, za soko la kule hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi. Kabla ya kulipa, hakikisha mtandao wako utakupa eSIM na kwa utaratibu gani. Halafu ingia Settings, General, About, shuka hadi Carrier Lock. Lazima isome "No SIM restrictions". Ikisoma vinginevyo, simu imefungiwa mtandao wa kule, na maelezo matamu ya muuzaji hayaifungui.

ZUHURA: Kwa hiyo pale kaunta, dakika kumi, tunafanya nini?

BARAKA: Weka laini zako mbili, piga simu kwa kila moja, fungua *150*00# au menyu ya mtandao wako uone inafunguka. Kama ni Samsung, piga *#0*#, jaribu rangi za kioo, mguso hadi kwenye kona, na spika. Chomeka chaja ileile utakayoondoka nayo. Kisha *#06#, zitoke IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, zilingane na boksi. Tuma moja kwa SMS kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jibu litaje aina na modeli iliyo mkononi mwako. Likitaja simu nyingine, irudishe. TCRA ilizima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliokuwa wamenunua bila kuuliza walibaki na vioo vya kujitazamia.

ZUHURA: Muda wa masasisho nao uliza. Samsung kwa S24, Google kwa Pixel 8, waliahidi miaka saba. Kwenye bei ya kati ahadi zinapishana sana, kuna za miaka miwili, na Galaxy A16 5G iliahidiwa sita. Simu ya kukaa nayo miaka minne, hilo lina uzito kuliko megapikseli.

BARAKA: Na risiti iwe ya EFD, siyo karatasi ya mkono, iandikwe modeli na IMEI zote mbili. Waranti wakisema mwaka mmoja, uliza kioo na betri vimo au havimo, na dirisha la kupokelea simu mbovu liko mtaa gani hapa hapa Dar. Ipige picha risiti palepale, maana wino wake unafutika kwa joto la mfukoni.