Nyigu wa Upenuni, Nyigu wa Ukutani: Yupi Aondoke, Yupi Abaki

SALUM: Hamjambo nyote, karibuni. Mimi Salum, na mwalimu Rehema yupo mbele yangu na chupa ya kioo ambayo sitaki aifungue.

REHEMA: Aliyemo humu ameshakufa, kaka Salum. Tulia.

SALUM: Wasema wewe. Haya, leo ni nyigu. Tumetumiwa ujumbe wa sauti na dada mmoja wa Bagamoyo. Juu ya mlango wa jikoni, chini ya upenu, nyigu wamejenga. Mtoto ameshaumwa shavuni. Sasa mumewe ameamua kufunga tambara kwenye mti, alichovye petroli, awachome moto. Na jiko lenyewe limeezekwa makuti.

REHEMA: Shemeji aweke kibiriti chini kwanza, halafu tuongee. Makuti makavu na petroli! Atawachoma nyigu, atachoma jiko, na upepo ukiwa wa baharini na nyumba ya jirani inakwenda.

SALUM: Lakini mwalimu, mtoto ameumwa.

REHEMA: Ndiyo maana nataka waondoke. Huyo dada kaeleza vizuri sana: kasema ni wembamba, rangi ya kahawia, wakiruka wananing'iniza miguu, na kiota kipo wazi, unaona vyumba kwa chini, kinaning'inia kwenye kikonyo. Hao ni nyigu wa karatasi, wale wanaoishi pamoja. Angesema donge la udongo limebandikwa ukutani, jibu langu lingekuwa jingine kabisa.

SALUM: Wa karatasi kwa vipi? Karatasi wanaitoa wapi?

REHEMA: Wanaitengeneza. Ukikaa karibu na uzio wa mbao uliochakaa, zile mbao zilizopigwa jua mpaka zikawa za kijivu, utamwona katua, anarudi kinyumenyume huku anaparua. Ukiwa kimya unausikia mparuzo wenyewe. Anavuna nyuzi za mti, anazitafuna na mate, anakwenda kuzipaka kwenye kiota. Zikikauka ni karatasi halisi. Kila chumba kina yai au buu. Na kile kikonyo kinachoshika kiota chote, anakipaka majimaji yanayotoka tumboni mwake yanayofukuza siafu na sisimizi.

SALUM: Kumbe na wao wana wezi wao.

REHEMA: Chungu ndio adui yao mkubwa. Wakipata njia, mabuu yote yanaliwa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nyigu anajenga pakavu, juu, pasipofikiwa kirahisi. Ukiangalia nyumba zetu, hapo ni chini ya upenu, kwenye kenchi, ndani ya boksi la mita ya umeme, nyuma ya dishi. Tumemjengea mahali pazuri wenyewe.

SALUM: Sasa kwa nini wamuume mtoto wa watu? Alikuwa anapita tu.

REHEMA: Nyigu akiwa peke yake kwenye ua, ananyonya zake, hana habari na wewe. Kiotani ndiko anakokuwa mkali, kwa sababu kuna watoto. Mlango ukibamizwa, kiota kinatikisika. Mwanao akirusha jiwe, ndiyo kabisa. Na usimponde nyigu karibu na kwao, maana kwa wengi wao sumu ikimwagika inatoa harufu ya kuita wenzake.

SALUM: Na anauma mara ngapi? Nyuki najua akiuma anakufa.

REHEMA: Nyuki mwiba wake una vichokoo, unabaki kwenye ngozi. Wa nyigu ni laini, unaingia na kutoka, anakuchoma tena na tena. Ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyigu asihangaike kutafuta mwiba, haupo. Na wanaouma ni majike tu. Ule mwiba asili yake ni mrija wa kutagia mayai, dume hana.

SALUM: Kina mama, mmesikia. Sijasema mimi.

REHEMA: Endelea na kipindi.

SALUM: Haya. Dada wa Bagamoyo afanyeje leo jioni?

REHEMA: Angoje giza liingie, wote wawe wamerudi na wametulia. Bomba la kunyunyizia, lile la bustani lenye mpini mrefu, alitilie maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo: vijiko viwili vitatu vya chakula kwa lita moja. Maji matupu yanateleza mwilini mwa nyigu. Yenye sabuni yanamlowesha, yanaingia kwenye vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni, na mabawa yanashikana. Anaanguka. Hakuna sumu iliyomwagika juu ya sufuria zako.

SALUM: Na dawa ya kopo, ya mbu?

REHEMA: Inafanya kazi. Dawa zile nyingi zimeigwa kwenye sumu ya pareto, yale maua meupe wanayolima Mufindi na upande wa Nakuru, na zinaangusha mdudu upesi. Ila hapo ni jikoni. Atoe vyombo na chakula kwanza, na asipulize karibu na moto, kopo lile gesi yake inawaka. Mimi ningeanza na sabuni.

SALUM: Avae nini?

REHEMA: Suruali nene, soksi juu ya suruali, shati la mikono mirefu, mtandio au kofia ya kufunika masikio na shingo. Asisimame chini ya kiota moja kwa moja, wataanguka shingoni. Na tochi asiishike mkononi, maana anayeruka gizani anafuata taa. Aitegeshe pembeni, chini. Akiifunika kwa plastiki nyekundu ni bora zaidi, nyekundu hawaioni vizuri.

SALUM: Na ngazi?

REHEMA: Asipande. Nyigu mmoja tu akimkuta mtu juu ya ngazi, atakachovunja ni nyonga. Kama kiota kiko juu sana, au kimeingia darini juu ya gipsamu, au ni kikubwa kupita kiganja na wamejaa, aite watu wenye mavazi ya kazi hiyo. Wanaofuga nyuki wana nguo, wengine wanakubali kwa malipo madogo.

SALUM: Kuna fundi alimwambia jirani yangu azibe tundu la darini kwa saruji, wafie humohumo.

REHEMA: Wakati wamo ndani? Hapana. Watatafuta mwanga, na mwanga upo kwenye tundu la taa ya chumbani. Utawakuta kitandani. Kwanza waondoke, halafu ndiyo uzibe.

SALUM: Hapo nimeelewa. Sasa yule wa udongo. Kwangu wapo, nyuma ya pazia la sebuleni kuna madonge kama mtu katupa tope.

REHEMA: Mweusi, miguu ina njano, kiuno uzi?

SALUM: Kiuno kile wanachokisifia kwenye taarabu.

REHEMA: Ndiyeyo. Huyo anaishi peke yake. Hana jeshi la kulinda kiota, na hata ukimfukuza mara nyingi anaondoka tu. Sauti ile ya mvumo unayoisikia nyuma ya pazia ni yeye anatetemesha udongo ili ukae vizuri. Na ndani ya lile donge, kaka Salum, umewahi kulivunja?

SALUM: Siwezi.

REHEMA: Lina vyumba virefu, na kila chumba kimejaa buibui. Wengine wa kijani, wengine wa madoa, wamepangwa wamebanana. Ukimgusa mmoja kwa kijiti, mguu unatikisika kidogo. Hajafa. Amechomwa sumu ya kumpoozesha, ili nyama isioze. Mama anataga yai, anaziba chumba, anaondoka harudi. Mtoto akiangua anakuta chakula bado kibichi.

SALUM: Lahaula.

REHEMA: Kwa hiyo huyo mimi namwacha. Donge likiwa na matundu ya duara, watoto wameshatoka. Likwangue kwa kisu cha fundi rangi, paka rangi, basi. Akikukera, angalia udongo anaupata wapi. Mara nyingi kuna bomba linavuja uani, pana tope siku zote. Tengeneza bomba, atahamia kwingine.

SALUM: Kwa hiyo hana madhara yoyote?

REHEMA: Ana moja: anapenda vitundu. Wapo wanaojenga ndani ya mrija uliopo tayari. Kitasa, bomba la maji ya kiyoyozi, bomba la moshi la jenereta iliyokaa bila kuwashwa. Mwaka 1996 ndege aina ya Boeing 757 ilianguka baharini ikitoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Kirija cha kupimia mwendo kilikuwa kimeziba, na wachunguzi walishuku nyigu wa udongo, kwa sababu ndege ilikuwa imekaa chini bila virija kufunikwa. Basi jenereta yako ichunguze kabla ya kuiwasha.

SALUM: Nitatazama leo leo. Halafu kuna jambo linanisumbua. Ukitafuta mtandaoni utasoma: nunua kiota cha bandia cha mfuko, ning'iniza barazani ili nyigu wadhani pana kundi jingine, au subiri majira ya baridi watakufa wenyewe.

REHEMA: Huo ni ushauri wa Ulaya na Marekani. Kule kuna nyigu wa manjano na weusi wanaojenga mpira mkubwa uliofunikwa, au chini ya ardhi, na baridi ikija kundi linakufa, wanabaki malkia wachache wamejificha. Sisi Tanga hapa tusubiri baridi gani? Kwetu kiota kinaweza kuanzishwa mwezi wowote. Na kile cha bandia, mimi sikitumainii hata kidogo. Nimeona viota viwili vya kweli kwenye paa moja, hatua chache kati yao, na hakuna aliyemwogopa mwenzake.

SALUM: Sasa hiyo chupa.

REHEMA: Ah! Huyu hapa. Sogea, mtazame.

SALUM: Mmh. Kijani kinachometa. Mapaja mekundu. Huyu ni nyigu?

REHEMA: Ni nyigu, na anawinda mende. Anamchoma mara ya kwanza kifuani, miguu ya mbele ya mende inalegea. Kisha anamchoma kichwani, kwenye ubongo wenyewe. Mende hafi, wala hapoozi. Anaweza kutembea, ila hana tena nia ya kuondoka. Nyigu anamkata kidogo vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani, anakunywa yale majimaji, halafu anamshika kipapasio kilichobaki na kumwongoza mpaka shimoni.

SALUM: Kama mbuzi wa kuchinjwa?

REHEMA: Kwa miguu yake mwenyewe. Anamtagia yai mguuni, anaziba mlango kwa vijiwe. Huyu nimemkuta amekufa dirishani, stoo ya shule. Stoo ile ina mende, usiniulize.

SALUM: Kumbe tunamfukuza mfanyakazi wa bure.

REHEMA: Kuna wengine wadogo kuliko hata sisimizi, na hao wamelisha watu. Miaka ya 1970 vidudu vyeupe vya ungaunga viliingia kwenye mihogo Kongo, vikasambaa Afrika. Muhogo unadumaa, majani yanajikunja. Dawa mkulima wa muhogo ataipata wapi? Wakaenda asili ya vidudu vile, Amerika ya Kusini, wakapata Paraguay kijinyigu kinachotaga ndani yao. Mwaka 1981 wakaanza kukiachia Nigeria, kikaenea nchi kwa nchi. Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na aliongoza ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi. ICIPE nao mwaka 1993 waliachia pwani ya Kenya kijinyigu kingine kutoka Asia, cha kupambana na bungua wa mahindi.

SALUM: Hao hawaumi?

REHEMA: Hata ukiwa naye kwenye kiganja hutajua yupo.

SALUM: Turudi kwa mtoto. Shavu limevimba. Bibi kasugua kitunguu, shangazi kaleta siki, mwingine kasema matope.

REHEMA: Matope hapana, ngozi imetobolewa, utamtafutia pepopunda. Kitunguu na siki vinabaki juu ya ngozi, sumu imeshaingia chini. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mpe dawa ya maumivu ya kipimo chake. Kama ni mkono, vua pete na bangili mapema. Kesho yake uvimbe unaweza kuongezeka kidogo na kuwasha; ni kawaida.

SALUM: Na isiyo ya kawaida?

REHEMA: Midomo au ulimi kuvimba. Sauti kukwaruza, kifua kubana, pumzi za filimbi. Vipele vya kuwasha mwili mzima mbali na pale alipoumwa. Kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Hayo huja haraka, ndani ya dakika chache mpaka saa moja, na mtu anaweza kufa. Usikae kupaka kitu. Bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote, hospitali. Anahitaji sindano ya adrenalini. Vilevile aliyeumwa mdomoni au kooni, na mtoto aliyeumwa na wengi kwa pamoja, mpeleke hata kama anacheka.

SALUM: Mdomoni anaumwaje?

REHEMA: Soda ya kopo. Nyigu anaingia kufuata sukari, wewe unameza. Barazani kunywa kwenye glasi.

SALUM: Baada ya dada kuwaondoa, wasirudi?

REHEMA: Asubuhi akikwangue kiota chote pamoja na kikonyo, apasugue kwa sabuni. Mbao za upenu azipake rangi ya mafuta, mbao iliyopakwa hawaiparui. Matundu ya hewa ayawekee wavu wa dirishani. Maembe yanayoangukia chini ya mti ayaokote, ndoo ya taka iwe na mfuniko. Lakini kubwa kuliko yote, kila wiki ainue macho. Kiota kikianza kina vyumba vitatu vinne na jike mmoja. Saa hizo fimbo ya fagio inatosha, jike huyo akiwa ametoka kwenda kuparua mbao. Akijenga tena, kiangushe tena. Atachoka.

SALUM: Swali la mwisho, la kijana wa Muheza: je, kiota kile kina asali?

REHEMA: Wa hapa kwetu hawaweki asali. Akikivuna atapata mabuu na shavu la kushoto limevimba.

SALUM: Kijana, umesikia. Dada wa Bagamoyo, tutumie ujumbe utuambie limebaki jiko au majivu. Tukutane wiki ijayo, ni zamu ya mchwa.